Kabla ya Panga la Vuli: Kuitambua Mimea Iliyosahaulika Uani

Kila ifikapo mwezi Septemba, mlio wa panga husikika kuanzia Masaki hadi Maneromango, na kwa majirani wa Kibaha kuanzia Soga hadi Ruvu. Wakazi wanaandaa viunga vyao kabla ya mvua za vuli. Desturi iliyozoeleka ni kufyeka kila kilichosimama, kukusanya rundo, kutia kiberiti, na kusubiri mvua ioshe majivu. Kazi huisha kwa siku mbili. Kinachopotea ndani ya siku hizo mbili, hata hivyo, mara nyingi kilihitaji miaka kumi au ishirini kukua, na aliyekiteketeza huwa hakujua kwamba alikuwa nacho.

Hali hiyo ni ya kawaida zaidi katika viunga vilivyoachwa. Familia imerithi nyumba ya bibi. Mfanyakazi aliyestaafu Dar es Salaam amerejea kwenye eneo alilonunua zamani na kulitembelea mara moja kwa mwaka. Mjane amemaliza kuuguza mume na sasa anatazama uani kwake asione njia ya kufika chooni. Wote hao hukutana na ukuta wa majani, na ni rahisi kuuita ukuta huo pori. Ndani yake lakini mna miti ya matunda, mboga, dawa, mipaka na pengine makaburi. Makala haya yanaeleza namna ya kuingia humo kwa usalama, namna ya kutambua kilichomo, na hatua za kuchukua kabla ya chochote kukatwa.

Lililo la kwanza kufahamika ni sababu ya mimea hiyo kuwa hai. Mkoa wa Pwani una misimu miwili ya mvua: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Baina ya masika na vuli kuna kiangazi kirefu, na kiangazi kingine kifupi huingia Januari na Februari. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibaha na Kisarawe ni kichanga, nacho kichanga hakitunzi maji. Mvua ya jioni huwa imekwishazama chini ya mizizi ya mchicha ifikapo kesho yake mchana. Kwa hiyo mmea uliokaa miaka kadhaa bila kumwagiliwa katika udongo huo umekwishapita mtihani ambao mche wa kununua kitaluni haujaufanya. Itakumbukwa kuwa Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka kiasi cha kulazimu maji kugawiwa kwa zamu Dar es Salaam na katika maeneo ya Pwani yanayotegemea mto huo. Mji wa Kisarawe, ambao ulikuwa umeanza kupata maji ya bomba kutoka Kibamba kwa mradi uliozinduliwa Juni 2020, ulionja adha hiyo pia. Mti wowote uliotoa majani mapya baada ya kiangazi kile, bila ndoo hata moja ya maji, una mizizi iliyokwenda mbali, na gharama ya kuupata mwingine wa namna yake ni miaka, si fedha.

Kuingia kwenye kichaka

Uangalifu hauna mbadala hapa. Wakati mzuri wa kuanza ni asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, na hilo ni kwa sababu ya upupu. Mmea huu unaotambaa hupenda mno viunga vilivyoachwa, na maganda yake yana manyoya ya kahawia ambayo yakikauka hupeperuka kwa upepo mdogo tu. Mtu anayefyeka saa saba mchana mwezi Septemba huyapata shingoni na machoni kabla hajauona mmea wenyewe. Yakiwa yamelowa hayapeperuki. Maganda yakatwe taratibu, yafukiwe, wala yasichomwe karibu na watu.

Adui wa pili huonekana wazi lakini hudharauliwa. Minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani visivyo na majani, ilipandwa na wazee kama uzio kwa sababu mbuzi haili na jua haliiui. Ukiikata hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kumfanya mtu asione kwa muda ukiingia machoni. Anayeikata avae mikono mirefu na miwani, asimame upande unakotoka upepo, na asijifute uso kwa mikono. Ukiingia machoni, maji safi mengi yatumike kuosha kwa dakika nyingi mfululizo, kisha mtu apelekwe kituo cha afya. Maziwa, mate na dawa za kubahatisha havifai.

Nyoka nao wapo. Kifutu hukaa kimya chini ya majani makavu na hakimbii anaposikia hatua. Swila hutema sumu akilenga macho. Buti za mpira, fimbo ndefu ya kutangulia kupiga majani, na watoto kubaki nyumbani: hayo matatu yanatosha kuzuia mengi. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisichezechezwe, na mgonjwa afikishwe haraka katika kituo cha kutolea huduma za afya. Sumu ya swila ikiingia machoni, huoshwa kwa maji mengi kama utomvu wa minyaa.

Siku ya kwanza isiwe ya kufyeka. Itengwe kwa kufungua njia moja nyembamba hadi katikati na nyingine ya kuzunguka ukingoni, kisha kila shina nene kuliko kidole gumba lifungwe kitambaa. Rangi ya kitambaa haina maana yoyote. Kazi yake ni kumzuia kijana aliyeajiriwa kwa siku, ambaye halipwi kwa kufikiri, asipitishe panga mahali pasipostahili.

Kujua kilicho hai

Kosa la kiangazi ni kudhani kwamba mti usio na majani umekufa. Mtopetope hupukutisha majani. Mlonge hufanya hivyo hivyo, na mbuyu haushangazi mtu kwa tabia hiyo. Jaribio ni jepesi: gome likwanguliwe kidogo kwa ukucha au kisu katika tawi dogo, kisha katika tawi kubwa, kisha kwenye shina karibu na ardhi. Penye rangi ya kijani na unyevunyevu pana uhai. Tawi likiwa kavu na shina likawa kijani, kinachokatwa ni tawi peke yake. Pakiwa na shaka, mti uachwe hadi wiki ya tatu baada ya mvua za kwanza za vuli, nao wenyewe utajibu.

Mlonge ndio unaoonewa kuliko yote kwa kosa hilo, maana hurefuka, hukonda na hukaa kama mlingoti mkavu. Shina likikatwa kimo cha mita moja huchipua vizuri, na majani yake huchumwa kwa mkono badala ya kurushiwa mawe. Mwarobaini nao husimama kijani kiangazi chote, na aghalabu ndio unaomwonyesha mtu kwamba hapo palikuwa na nyumba.

Neno mahame linafaa kukumbukwa katika suala hili. Ndani ya Kisarawe na Kibaha zimo sehemu ambazo kaya zilihama, nyingi katika miaka ya 1970 wakati wa Operesheni Vijiji, ambapo watu walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji. Nyumba za miti na udongo hazikudumu, lakini miembe, minazi, mikwaju na mikorosho ilibaki imesimama ikionyesha palipokuwa na uwanja, jiko na njia ya kisimani. Mti wa matunda uliosimama peke yake porini mara chache huwa umeota kwa bahati. Aliuweka mtu.

Mti wa kisamvu uliokosewa heshima

Uani mwa nyumba nyingi za zamani, pembeni kabisa, kuna mti unaofanana na mhogo lakini umekuwa mrefu kupita paa. Gome lake hubanduka, majani yake ni mapana yenye ncha tatu hadi tano, na ukilitazama jani kwa makini utaona kwamba kikonyo chake kimeshika ndani kidogo ya ukingo. Vijana huuita mhogo pori na kuukata. Wazee huuita mpira, na majani yake machanga ndiyo kisamvu cha mpira, mboga iliyowavusha watu wengi wa Pwani katika miezi ambayo bustani ya chini haina kitu.

Jina la mpira si la utani. Mti huu ulitoka Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wajerumani waliupanda kwa wingi nchini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ili kupata utomvu wa kutengenezea mpira. Biashara hiyo ilianguka mwaka 1913, bei iliposhuka kutokana na mpira uliozalishwa kwa wingi Asia. Mashamba yaliachwa, na mti ukahamia uani, mahali ambapo thamani yake iligeuka kutoka utomvu na kuwa majani. Kwa kuwa chimbuko lake ni nchi ya ukame, kichanga cha Kibaha hakikuusumbua.

Sehemu ya pili ya historia yake haijulikani sana, nayo ina uzito zaidi. Katika miaka ya 1930 mihogo ya Tanganyika ilikuwa ikiharibiwa na magonjwa mawili ya virusi: batobato, inayojikunja na kuweka madoa ya njano kwenye majani, na michirizi ya kahawia, inayoozesha mhogo ukiwa bado ardhini. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara. Watafiti wa Amani walipotafuta mhogo unaostahimili virusi hivyo, waliuchavusha mhogo wa kawaida na mti huu wa mpira, kisha wakarudia kuchavusha uzao wake na mhogo hadi wakapata mimea yenye mizizi inayolika na yenye ustahimilivu wa ndugu yake wa porini. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na taasisi ya IITA ya Ibadan ilipoanza kuzalisha aina bora za mihogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianzia hapo. Mihogo mingi inayostahimili batobato barani Afrika leo ina damu ya mti ambao mkazi wa Kisarawe anaukata ili apate nafasi ya kuanikia nguo.

Mti huo ukipatikana, usiachwe kuwa mrefu. Ukatwe kimo cha kiuno au kifua mwanzoni mwa mvua. Utachipua matawi mengi yenye majani machanga yanayofikika. Matayarisho ya mboga yake hayana njia ya mkato: majani hutwangwa sana, kisha huchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu yana sumu ya sayanidi kama ilivyo kwa kisamvu cha kawaida. Mizizi yake haifai kuliwa kabisa, na watoto wanapaswa kuelezwa hivyo.

Kuhusu mihogo yenyewe iliyosahaulika kichakani, tahadhari moja ni muhimu. Kishawishi ni kukata pingili za shina lililonenepa na kuzipanda upya. Mimea iliyokaa muda mrefu huwa imetembelewa na nzi weupe misimu mingi, na nzi hao ndio wanaosambaza virusi vyote viwili. Majani yakionyesha madoa ya njano, au mhogo ukikatwa na kuonekana una sehemu kavu za kahawia ndani, shina hilo ling'olewe lisipandwe wala kupewa jirani. Kituo cha utafiti cha TARI Kibaha, ambacho hushughulikia miwa na mihogo, ni jirani wa karibu kuliko wakazi wengi wanavyodhani, na Afisa Kilimo wa Kata anaweza kumwelekeza mkulima namna ya kupata mbegu safi za aina zinazofaa ukanda huu, Kiroba ikiwa mojawapo.

Mchungwa uliogeuka mlimau

Malalamiko ambayo maofisa ugani huyasikia kila mwaka ni haya: "Mchungwa wa marehemu ulikuwa mtamu, sasa unatoa malimau." Wengine huhusisha jambo hilo na hasira ya marehemu. Maelezo yake yako karibu na ardhi. Michungwa mingi haipandwi kwa mbegu. Huwa imebebeshwa, yaani kichipukizi cha chungwa tamu kimeungwa juu ya shina la mlimau, kwa sababu mlimau una mizizi yenye nguvu. Mti ukitunzwa, mwenye nao huondoa vichipukizi vinavyotoka chini ya kovu la kuungia. Mti ukiachwa, vichipukizi hivyo vya mlimau hukua haraka kuliko chungwa, huchukua maji yote ya kiangazi, na hatimaye huukausha mchungwa uliokuwa juu yao.

Mwenye mti kama huo apige magoti na kulitafuta kovu, ambalo huwa kama kiwiko au mabadiliko ya gome, kiasi cha kiganja kimoja au viwili kutoka ardhini. Kila kilichotoka chini ya kovu, hasa chenye miiba mirefu, kiondolewe hadi kwenye shina, bila kuacha kisiki kitakachochipua tena. Kilichotoka juu ya kovu kitunzwe hata kama ni tawi moja dhaifu. Jua likianza kulipiga shina lililokuwa kivulini miaka mingi, gome hupasuka. Upakaji wa chokaa iliyochanganywa na maji huzuia hilo. Ikiwa juu ya kovu hakuna kilichobaki, basi ukweli ni kwamba nyumba hiyo ina mlimau. Unaweza kubebeshwa upya na fundi wa vitalu, au ukaachwa ulivyo, maana limau nalo lina mnunuzi.

Mikorosho na miembe

Hapa ndipo hasara ya fedha huwa kubwa zaidi, kwa hiyo suala hili linastahili subira. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16 na umeizoea Pwani hata ukadhaniwa ni wa asili. Mkorosho uliosongwa na vichaka, wenye matawi yaliyogusana na ya jirani, huzaa kidogo, kwa sababu mti huu hutoa maua kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua. Unahitaji nafasi, kipimo kinachopendekezwa shambani ni mita 12 kwa 12. Katika kiunga kilichoachwa si ajabu kukuta minne mahali pa mmoja.

Kupogolea kufanyike baada ya mavuno na kabla ya mti kuanza kutoa maua. Anayeingia na msumeno mwezi Agosti anakata korosho za mwaka huo. Matawi makavu, yaliyoelekea chini na yaliyosongamana katikati ndiyo ya kuanza nayo. Kwa mikorosho mizee isiyozaa tena kuna njia iliyofanyiwa kazi na watafiti wa Naliendele, Mtwara: shina hukatwa kwa mshazari kwenye kimo cha kati ya nusu mita na mita moja, huachwa lichipue, kisha vichipukizi vichache vilivyo imara hubebeshwa vikonyo vya aina bora. Mizizi ya zamani iliyokwishayafikia maji ya chini hubaki kazini, na mti huanza kuzaa mapema kuliko mche mpya. Busara ni kuanza na mti mmoja au miwili, si yote kwa pamoja. Ugonjwa wa ubwiriunga, unaoonekana kama unga mweupe kwenye maua na majani machanga, hudhibitiwa kwa salfa na viuatilifu vingine. Pembejeo za ruzuku hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa. Mkazi aliyegundua mikorosho sita nyuma ya nyumba na akadhani usajili ni wa wenye mashamba makubwa, afike ofisi ya kijiji au chama chake cha msingi cha ushirika aulizie.

Mwembe haupunguzwi wote kwa mwaka mmoja. Theluthi ya matawi inatosha, baada ya msimu wa maembe kuisha. Tatizo lake kubwa linaonekana chini: maembe yaliyooza ni makazi ya funza wa inzi wa matunda, inzi aliyeingia kutoka Asia na kugunduliwa kwa mara ya kwanza Afrika, nchini Kenya, mwaka 2003. Mwembe mmoja ulioachwa unaweza kuharibu maembe ya kitongoji kizima. Matunda yaliyoanguka yakusanywe kila mara na kufukiwa nusu mita kwenda chini, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani.

Mboga zijiotazo hazihitaji maelezo marefu. Kina mama wengi wanazijua kuliko ofisi yoyote. Mchunga, mgagani, mlenda, mnavu na msusa huibuka zenyewe mara ardhi inapofunguliwa na kupata mvua. Zipewe tuta dogo kabla jembe halijapita.

Baada ya kufungua

Kiunga kilichokuwa kimefunikwa kikiachwa uchi mwezi Septemba hupoteza katika wiki chache unyevu uliotunzwa na majani miaka yote. Majani yaliyofyekwa yasichomwe. Yatandazwe kuzunguka miti kwa unene wa kiganja, yakiachwa mbali kidogo na shina ili mchwa wasipate daraja. Kila mti uchimbiwe kisahani kipana cha kupokelea mvua. Maji ya kufulia yasiyo na dawa kali yanaweza kumwagwa humo jioni, kwa zamu.

Moto una sababu nyingine ya kuepukwa. Kiangazi cha Kisarawe hupeperusha cheche mbali, na wilaya inapakana na kuihifadhi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, yenye mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Moto ulioanzia kwenye rundo la magugu hauulizi mpaka wa hifadhi. Vilevile anayekusudia kuuza magogo au mkaa kutokana na miti aliyoikata, hata iwe ya kwake, anapaswa kwanza kupata kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Makaburi na mipaka

Mahali penye mbono kaburi pana haja ya kusimama. Mmea huu umebeba jina lake kwa sababu wazee waliupanda kichwani na miguuni pa kaburi, ukachipua na kubaki hata baada ya kilima cha udongo kusawazika. Miwili iliyosimama hatua chache kutoka kwa mwenzake, mawe yaliyopangwa, au vipande vya bakuli ardhini, ni dalili za kutosha za kusitisha kazi na kuwaita wazee wa eneo pamoja na Mwenyekiti wa Kitongoji. Hata ardhi ikiwa imenunuliwa kihalali, kaburi halihamishwi kwa uamuzi wa mnunuzi. Upo utaratibu wa kisheria, na Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ndiye wa kuanzia.

Mipaka nayo huandikwa kwa mimea. Kabla ya mawe ya upimaji, mashamba ya Pwani yaligawanywa kwa minyaa, mikorosho iliyopangwa mstari, minazi na mkonge. Mkonge ulifika nchini mwaka 1893, pale Dkt. Richard Hindorf alipoagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida na 62 tu vikafika vikiwa hai. Kutokana na hivyo mashamba makubwa ya Tanga yalizaliwa, na baadaye mmea ukawa mlinzi wa mipaka ya watu wa kawaida kwa kuwa haufi wala haung'oki kirahisi. Mstari wa mikonge mitano iliyomezwa na ukoka unaweza kuwa ushahidi pekee alionao mjane dhidi ya jirani aliyesogeza shamba lake kidogo kidogo. Akiufyeka mwenyewe, ameuharibu ushahidi wake kwa mkono wake.

Muda pia una nafasi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaweka utaratibu wa kutangaza kwamba ardhi inayomilikiwa kimila imetelekezwa, na kigezo kimojawapo ni mmiliki kutoikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka 5. Jambo hilo halifanyiki kimyakimya. Tangazo hutolewa na wenye maslahi hupewa nafasi ya kujieleza. Hata hivyo, warithi wanaoishi mbali na kuamini kuwa miti ya baba inawalindia shamba wanapaswa kulifahamu.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kufyeka, mwenye kiunga achukue daftari. Aandike kila mti alioufunga kitambaa, mahali ulipo, na nani anakumbuka aliyeupanda. Apige picha za mistari ya mipaka jinsi ilivyo, akiwa na jirani wa kila upande na Mwenyekiti wa Kitongoji, na wote watie saini. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Daftari hilo litamsaidia atakapoomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na likitokea shauri litatangulizwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi. Kwa wakazi wa maeneo ya mji yaliyopimwa, nakala hiyo ipelekwe ofisi ya mtaa pamoja na namba ya kiwanja. Maofisa kilimo wa kata hutembelea kaya wanapoitwa, na mwito huo hupelekwa kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Inafaa ufike kabla ya mvua za kwanza, kwa kuwa zikishaanza kila mtu huwahitaji wiki hiyo hiyo.